Kiziwi wa Lubunga Mbele ya Sheria: Nani Anafaa Kumfasiria?

Sheria ya Kongo ya mwenendo wa kesi za jinai, ile ya tarehe 6 Agosti 1959 ambayo mahakama bado zinaitumia pamoja na marekebisho yake, inampa mwendesha mashtaka mamlaka ya kumwita mtu yeyote amsaidie kama mkalimani, mfasiri, mtaalamu au daktari. Aliyeitwa anaapishwa, na akikataa anaweza kuadhibiwa. Kwa daktari hakuna shida, maana hakuna anayeitwa daktari kwa sababu tu aliwahi kufunga kidonda. Kwa mkalimani wa lugha ya ishara, yale maneno "mtu yeyote" huchukuliwa jinsi yalivyo. Anaitwa kaka wa mshtakiwa, au mwalimu aliyewahi kufundisha viziwi, au muumini anayefasiri mahubiri siku ya Jumapili. Anaapa, anaketi, na kuanzia dakika hiyo kila anachotamka kinaandikwa kuwa ni kauli ya kiziwi.

Wengi wa watu hawa wana nia njema, na bila wao viziwi wengi wa Kisangani wasingekuwa na mtu wa kusema naye nje ya nyumba zao. Ninachopinga ni imani kwamba anayejua ishara amekwisha kujua kazi ya mahakamani. Na kama mafunzo yataanzishwa, naona yaanzie kituo cha polisi kabla ya kufika kwa hakimu, na viziwi wenyewe wawe miongoni mwa wanaofunzwa ukalimani.

Nimeichagua Lubunga kwa sababu hapo ugumu wote unakutana. Kati ya komini sita za Kisangani, ni Lubunga peke yake iliyo ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Daraja hakuna, watu huvuka kwa mitumbwi na mashua za injini, kisha toleka, yaani teksi za baiskeli, au pikipiki huwafikisha mjini. Mahakama ya rufaa, ofisi kuu za mwendesha mashtaka, mawakili na Chuo Kikuu cha Kisangani vyote viko ng'ambo. Reli ya zamani ya kwenda Ubundu, yenye kilomita 125, inaanzia Lubunga, kwa hiyo wanaofika hapo na mashtaka au ushahidi ni pamoja na watu wa vijiji vya ndani, ambako hakuna shule ya viziwi wala mtu wa kuielekeza familia namna ya kuongea na mtoto asiyesikia.

Kuanzia Februari 2023, Lubunga ilijikuta katikati ya ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, maelfu wakavuka mto kukimbilia ukingo wa kulia. Ghasia za namna hiyo huacha nyuma msururu mrefu wa kazi za kisheria: watu waliokamatwa, mashahidi, wajane wanaodai, vijana waliokutwa mahali wasipotakiwa kuwa. Fikiria kiziwi katika hali hiyo. Hasikii onyo la jirani. Akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kuulizwa anatoka wapi, hawezi kujibu, na kimya chake kinasomwa kuwa ni ukaidi. Akiwa ameona kwa macho yake nani aliyewasha moto, huenda yeye ndiye shahidi bora kuliko wote, lakini asiyeulizwa na mtu.

Tena Kisangani ni mji wa madai makubwa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa madhara waliyopata watu. Mfuko wa serikali wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, una makao yake Kisangani, mji uliopigwa makombora kwa siku sita mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani yake. Mwathirika hutakiwa ajieleze: alikuwa wapi, alipoteza nini, nani anamjua. Kiziwi naye ana madai yake, na madai hayo yana thamani ile ile.

Turudi kituo cha polisi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 18, inasema anayekamatwa ajulishwe mara moja sababu za kukamatwa kwake na tuhuma zinazomkabili, katika lugha anayoielewa, na kwamba polisi wasimzuie zaidi ya saa 48. Maneno ni mazuri na hayana kona. Lakini ndani ya saa hizo 48 ndipo afisa wa upelelezi, ambaye kila mtu anamwita OPJ, anapoandika hati ya mahojiano, ile PV. Hati hiyo itavuka mto, itafika kwa mwendesha mashtaka, kisha kwa hakimu. Wiki au miezi baadaye, hata akipatikana mkalimani hodari mahakamani, atakuta kiziwi "ameshakiri". Kumpeleka mkalimani bora kwenye hatua ya mwisho huku hatua ya kwanza ikiachiwa shemeji wa mlalamikaji ni kuichelewesha haki kwa makusudi.

Tazama kwa karibu kinachotokea kwenye meza ile. OPJ anauliza: "Ulikuwa umeshika silaha?" Katika Kiswahili neno silaha linafunika kila kitu bila kutaja kimoja. Mkalimani asiyefunzwa, akitafuta ishara ya haraka, ataonyesha panga. Sasa panga limeingia kwenye mahojiano, na aliyeliingiza si polisi wala mshukiwa. Kiziwi akikataa, amekataa panga peke yake. Lakini kwenye PV itasomeka kwamba amekana kushika silaha yoyote, na siku rungu lake likipatikana ataitwa mwongo. Akiwa mwoga akakubali, ndiyo basi. Aliyefunzwa hufanya tofauti: huonyesha vitu kadhaa vya aina moja, kisu, panga, rungu, bunduki na vinginevyo, kisha ndipo anauliza. Au humgeukia OPJ na kumwambia kwa sauti kwamba swali linahitaji kufafanuliwa, ili hata ombi hilo liandikwe. Ni hivyo hivyo kwa kupiga, maana mkono unaofasiri lazima uchague kati ya ngumi, kofi na fimbo.

Hatari nyingine ni mwelekeo. Katika lugha za ishara, nani alimtendea nani huelezwa mara nyingi kwa njia ambayo mkono unapita hewani. Msimulizi anamweka mtu mmoja upande wa kulia wake, mwingine upande wa kushoto, halafu kitendo kinatoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mkalimani akisahau nani alikaa upande gani, aliyepigwa anakuwa aliyepiga. Hakuna atakayeligundua kosa hilo, kwa sababu karani anaandika anachosikia kwa sikio, na kilichosemwa kwa mikono kimeshapotea.

Kuna pia kutikisa kichwa. Kiziwi anayemtazama mkalimani hutikisa kichwa kuonyesha kwamba anafuata, endelea. Afisa asiyejua anaona amekubali. Na kuna mambo ya mwili ambayo yanapaswa kuwa somo la polisi kabla hayajawa somo la mkalimani: mikono iliyofungwa pingu haiwezi kusema, na katika chumba kisicho na taa hakuna mazungumzo, kwa sababu lugha hii inahitaji mwanga. Umeme ukikatika usiku, mahojiano na kiziwi yasimame hadi asubuhi. Sioni sababu yoyote ya kuyafanya gizani.

Hapo hatujafika kwenye mnyororo wa lugha. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa, na PV huandikwa kwa Kifaransa. Swali hutamkwa kwa Kiswahili au Kilingala, kisha linageuzwa ishara, jibu linarudi njia ile ile. Mkalimani wa Lubunga anapaswa kuelewa Kifaransa cha sheria vya kutosha kujua kwamba mtuhumiwa, shahidi na mlalamikaji anayedai fidia wanakaa viti tofauti na kila mmoja ana haki zake. Asiyejua mwenendo wa kesi hawezi kumfafanulia mtu kwamba ana haki ya wakili, hata kama mikono yake ni myepesi kuliko ya mtu yeyote mjini.

Na ni ishara zipi hasa? Zilizoenea mashuleni katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa zina historia inayojulikana. Andrew Foster, Mmarekani mweusi kiziwi aliyehitimu Gallaudet, chuo cha viziwi cha Marekani, mwaka 1954, alifungua shule yake ya kwanza Ghana mwaka 1957, na hadi kifo chake alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13, Zaire ikiwemo. Alichukua ishara za Marekani akaziunganisha na Kifaransa, na walimu wakaja kujifunza kwake Ibadan, Nigeria. Alikufa tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda, upande wa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka na Goma. Kiziwi aliyesoma katika mkondo huo anaweza kufasiriwa na mkalimani aliyejifunzia mkondo huo.

Lakini aliyekulia kijijini kwenye njia ya Ubundu hakuziona ishara hizo. Ana ishara za nyumbani, alizozitunga pamoja na mama yake na wadogo zake: ya kuvua samaki, ya mjomba mwenye kovu, ya kesho na jana. Ni njia halisi ya mawasiliano, ila ina wasemaji watano au sita duniani. Mkalimani anayesikia, hata awe na cheti, mara nyingi atashindwa. Hapa ndipo anapohitajika mkalimani kiziwi: mtu asiyesikia, aliyezoea tangu utoto kueleweshana na kila aina ya kiziwi, aliyefunzwa maadili na sheria, anayekaa kati ya kiziwi wa kijijini na mkalimani anayesikia. Nchi zenye utaratibu mzuri humtumia. Kisangani inao viziwi wenye uwezo huo. Kinachokosekana ni wa kuwafundisha na wa kuwatambua.

Anayeona hilo ni anasa amsome Junius Wilson. Alikuwa Mmarekani mweusi kiziwi wa jimbo la North Carolina, na alijifunza ishara za shule ya watoto weusi viziwi ya Raleigh, zilizotofautiana na za wazungu. Mwaka 1925 alishtakiwa kwa jaribio la kubaka. Hakuna aliyemwelewa. Wakasema ni mwendawazimu, wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, wakamhasi. Mashtaka yalifutwa mwaka 1970, naye akaendelea kukaa huko huko. Alihamishiwa nyumba yake mwenyewe ndani ya eneo la hospitali mwaka 1994, akafa mwaka 2001. Hakuwahi kuhukumiwa. Nchi hiyo ilikuwa na vyuo, wanasheria na fedha, na bado mtu mmoja akamezwa miaka 76 kwa sababu ishara zake hazikuwa zile zinazojulikana na wakubwa.

Mwanamke kiziwi aliyebakwa ndiye ninayemwogopea zaidi. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziliimarisha vita dhidi ya ukatili wa kingono nchini Kongo. Ile ya mwenendo wa kesi, namba 06/019, inataka uchunguzi wa awali umalizike ndani ya mwezi mmoja na hukumu itoke ndani ya miezi mitatu. Tena inaagiza daktari na mwanasaikolojia waitwe bila kusubiri ombi la mtu. Mkalimani wa ishara hakutajwa. Muda mfupi huo uliwekwa kwa faida ya mwathirika, lakini bila mkalimani aliye tayari unamgeukia. Familia inasukumwa kumaliza mambo nyumbani kwa mbuzi na fedha kidogo, na mara nyingi anayependekezwa kumfasiria ni mtu wa familia hiyo hiyo, pengine mwenye uhusiano na aliyemtendea. Kwa kesi hizi, mkalimani awe mwanamke kama mwathirika anataka hivyo, na asiwe ndugu. Sheria inapaswa kulisema hilo wazi.

Majirani wamefika wapi? Uganda iliandika katika katiba yake ya 1995 kwamba dola itahimiza ukuzaji wa lugha ya ishara kwa viziwi, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi akaingia bungeni, mbunge kiziwi wa kwanza barani. Zaidi ya maneno ya katiba, Chuo Kikuu cha Kyambogo kinatoa stashahada ya ukalimani wa lugha ya ishara, na hilo ndilo ninalowaonea wivu, kwa sababu stashahada inazaa watu kila mwaka. Kenya, kwa katiba ya 2010, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi, na imeitambua lugha ya ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za bunge. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, zilizorithi sheria ya India ya 1872, zinaruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama. Kwa wakati wake ulikuwa uamuzi wa maana, ingawa mtungaji wa sheria hiyo aliuona ushahidi wa ishara kama njia ya kufidia ulimi, wala hakuziona ishara kuwa lugha kamili yenye sarufi na wasemaji. Ulaya nayo, kwa agizo la mwaka 2010 kuhusu ukalimani katika kesi za jinai, ilifanya jambo ambalo Kongo ingeweza kuliiga kesho asubuhi: haki inaanza mtu anapohojiwa na polisi, inawahusu wasiosikia pia, na ubora wa ukalimani unaweza kupingwa.

Kongo yenyewe haina upungufu wa ahadi. Ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, ambao ibara yake ya 13 inadai mafunzo kwa wanaofanya kazi katika utoaji haki, wakiwemo polisi na askari magereza. Tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu.

Nimewahi kusikia hoja kwamba lugha ya ishara haina msamiati wa sheria, kwa hiyo haiwezi kuingia mahakamani. Jibu liko The Hague. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipopokea mashahidi wanaosema Kiacholi, na ilipokuwa ikiandaa kesi ya Darfur yenye mashahidi wanaosema Kizaghawa, haikukuta wakalimani wa mahakama wa lugha hizo popote. Ikawafunza wake. Ilitafuta watu wanaojua lugha vizuri, ikawapima, ikaandaa istilahi pamoja nao, ikawazoesha kiapo na kipaza sauti. Mashahidi wa Kongo nao walisikilizwa huko kwa Kiswahili cha Kongo, kikitofautishwa na Kiswahili sanifu. Lugha hupata istilahi za mahakama pale mahakama inapoamua kuihitaji.

Sasa, mafunzo ya Kisangani yangekuwaje? Ninaanza na nisichotaka: semina ya siku tatu yenye bango, soda na cheti mwishoni. Semina hiyo ni mbaya kuliko kutofanya kitu, kwa sababu inampa yule "mtu yeyote" karatasi ya kujitetea. Kozi ya kweli ingechukua miezi, ikifanywa mwisho wa juma ili walimu na mafundi waendelee na kazi zao, chini ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Kisangani pamoja na chama cha mawakili na vyama vya viziwi. Wanafunzi waingie kwa mtihani, na watakaowapima ishara wawe viziwi. Darasa liwe na wanaosikia na wasiosikia, wakifanya kazi wawili wawili. Waende mahakamani kukaa na kutazama kesi kabla ya kufasiri hata sentensi moja. Waigize mahojiano ya polisi mara nyingi, yapigwe video, wayatazame upya na kusahihishana.

Na OPJ wa Lubunga wawe darasani siku hizo, si kama wageni. Wafundishwe kumtazama kiziwi na kuongea naye yeye, badala ya kumwambia mkalimani "muulize". Kuuliza jambo moja moja. Kuwapumzisha wakalimani, maana akili huchoka haraka na makosa huanza kabla mwenyewe hajayahisi. Wafundishwe kupiga video ya mahojiano yote, kiziwi na mkalimani wakionekana pamoja. Simu ya kawaida inatosha. Nikilazimishwa kuchagua jambo moja tu la kutekeleza mwaka huu, ningechagua video hiyo, kwa sababu ndiyo inayowezesha mtu mwingine kukagua tafsiri baadaye. Bila hiyo tunaamini tu.

Maadili yatakuwa somo gumu kuliko ishara. Jamii ya viziwi ya Kisangani ni ndogo na kila mtu anamjua mwenzake. Anayefasiri kwa polisi asitumiwe tena na wakili wa utetezi katika kesi hiyo hiyo. Lakini wakiwa wanne mjini kote, sharti hilo litavunjika wiki ya kwanza. Cha chini kabisa ni kwamba mkalimani atangaze mbele ya hakimu anamjua nani na ameshafasiri wapi. Siri ya mteja wa wakili asiipeleke kanisani hata katika maombi.

Fedha ndizo zitakazoua mpango huu kama hazikupangwa mapema. Mkalimani wa ukingo wa kulia anayeitwa Lubunga saa tatu usiku anahitaji nauli ya kuvuka, ya kurudi, na malipo ya kazi. Yakimwangukia mlalamikaji au familia ya mshukiwa, mkalimani amekuwa wa upande mmoja hata kama hataki. Yatoke kwenye gharama za mahakama, kwa kiwango kilichobandikwa ukutani. Wapo watakaosema kwamba mahakama isiyo na karatasi haiwezi kulipa wakalimani, na kwamba hata wanaosikia wanakaa gerezani bila wakili. Ni kweli, na ni aibu. Ila mshukiwa anayesikia na asiye na wakili angalau anajua kwa nini yuko ndani. Anaweza kumwuliza mwenzake, kumpigia kelele askari, kumwambia mama yake anapoleta chakula. Kiziwi anaweza kukaa miezi asijue ameshtakiwa nini.

Kabla kozi hiyo haijaanza, mawakili wanaotoa msaada wa bure Kisangani wana jambo la kufanya kwa sheria zilizopo. Kila wanapopata mteja kiziwi, waombe kwa maandishi aitwe mkalimani asiye ndugu na asiye mlalamikaji. Waulize mbele ya hakimu alijifunzia wapi na nani alimpima. Wadai PV iliyoandikwa bila mkalimani ikataliwe. Na wahakikishe kila ombi, pamoja na jibu lake, limeingia katika kumbukumbu za kikao. Siku hukumu inaposomwa, wakili asiondoke mahakamani kabla mteja hajaeleza kwa ishara zake mwenyewe alichohukumiwa, kwa sababu muda wa kukata rufaa katika kesi ya jinai ni siku 10 tu kutoka hukumu inapotamkwa, na siku hizo zinahesabika hata kwa asiyejua kwamba hukumu imetoka.